Umeumia kazini: fidia ni mbali, kibarua ni mbali

Kwenye magodauni ya Shimanzi, yadi za kontena za Changamwe na Miritini, na mijengo ya Nyali na Bamburi, hapa Mombasa, aliyeumia huuliza swali lile lile: "Nikidai, si watanifuta?" Hofu hiyo ndiyo inayowanyima watu haki zao, kwa sababu inachanganya mambo mawili ambayo sheria imeyatenga. Fidia ya jeraha iko chini ya sheria ya Kenya ya mwaka 2007 inayojulikana kama WIBA (Work Injury Benefits Act). Kazi yako inalindwa na Sheria ya Ajira, ya mwaka huo huo. Kila moja ina ofisi yake na muda wake wa kudai, na kulipwa upande mmoja hakufungi mlango wa pili. Mwajiri mjanja huziunganisha kusudi: anakuletea hundi ya fidia pamoja na barua ya kuachishwa, uone kama hiyo ndiyo bei ya kuondoka.

Siku ya kwanza

Mwambie supavaiza siku hiyo hiyo. Sheria inakubali taarifa ya mdomo, lakini ya mdomo hukanwa, kwa hivyo ifuatishe na SMS au WhatsApp. Taja tarehe, saa, mahali, kilichotokea, kiungo kilichoumia na aliyekuwepo. Kitu kama: "Leo saa nne usiku, geti la pili, paleti imeniangukia mguu wa kushoto tukishusha mchele. Nilikuwa na Juma na dereva wa foko. Naenda hospitali." Basi. Usimlaumu mtu kwenye ujumbe huo, maana WIBA haikutaki uthibitishe kosa la mwajiri. Inatosha kwamba uliumia ukiwa kazini.

Uzembe wako pia haukufutii haki. Kinachoifuta ni utovu wa nidhamu wa makusudi, na hata huo hauhesabiwi ikiwa jeraha limeleta ulemavu mkubwa au kifo. Ukiambiwa "hukuvaa helmeti, huna chako", usikubali kurudi nyumbani na jibu hilo.

Hospitalini ndipo madai mengi huharibikia, na huharibika kwa nia njema. Mwenzako aliyekusindikiza Makadara au Port Reitz anamwambia karani "ameanguka nyumbani" ili kadi ya SHA, bima ya afya ya serikali, ikubali bila maswali. Pengine ni kampuni yenyewe iliyomtuma aseme hivyo. Daktari huandika anachoambiwa, na miezi sita baadaye karatasi hiyo ndiyo itakayowekwa mezani na bima ya mwajiri. Hakikisha faili lina maneno "ameumia kazini", jina la kazi na namna ulivyoumia. Gharama za matibabu ni za mwajiri: hospitali, upasuaji, dawa, hata magongo na kiungo bandia, kwa viwango vilivyowekwa. Ukilazimika kutoa chako, weka kila risiti na ujumbe wa M-Pesa.

Fomu na muda

Baada ya kupata taarifa, mwajiri ana siku 7 za kuripoti kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, kwenye idara ya serikali iitwayo DOSHS, ambao wana ofisi Mombasa. Akifa mtu, ripoti ni ndani ya saa 24. Fomu yenyewe ni DOSH/WIBA 1. Sehemu ya kwanza hujazwa na mwajiri, ya pili na daktari, anayeandika jeraha, siku za kupumzika na asilimia ya ulemavu wa kudumu kama upo.

Omba nakala mwajiri akishajaza, na uangalie kisanduku cha mshahara kabla ya kingine chochote. Fidia ya ulemavu wa kudumu hupigwa kwa mapato ya miezi 96, kisha huchukuliwa asilimia ya ulemavu. Tuseme unalipwa shilingi 24,000 kwa mwezi na daktari amekupa asilimia 10: ni 24,000 mara 96, yaani 2,304,000, na fungu lako ni 230,400. Karani akiandika 17,000 kwa sababu 7,000 zilizobaki hulipwa mkononi, unashuka hadi 163,200. Shilingi 67,200 zimepotea kwa namba moja ambayo hukuisoma. Kwa wanaolipwa kwa siku, taarifa za M-Pesa, daftari la mahudhurio na picha za karatasi za malipo ndizo mizani yao.

Usimkimbize daktari kuandika asilimia wakati mfupa haujaunga. Asilimia ya haraka mara nyingi huwa ndogo, au hupingwa na bima na ukapelekwa kwa daktari mwingine. Lakini usilale pia. Dai linapaswa kuwasilishwa ndani ya miezi 12 tangu ajali.

Mwajiri akikataa kujaza fomu, usimngoje. Nenda mwenyewe DOSHS na karatasi za hospitali, kitambulisho, ushahidi kwamba unafanya kazi pale na ule ujumbe wako wa kwanza. Wao ndio watakaomwandikia. Mkurugenzi akishakadiria na kudai malipo, mwajiri au bima ana siku 90 za kulipa. Asiye na bima hajaepuka: kukosa bima ni kosa kisheria, na fidia atailipa mfukoni mwake.

Hukuridhika na makadirio? Una siku 60 za kupeleka pingamizi kwa Mkurugenzi huyo huyo. Anatakiwa akujibu kwa maandishi ndani ya siku 14, na kutoka jibu hilo una siku 30 za kukata rufaa kwenye Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo ina kituo Mombasa. Utaratibu ndio huo. Mabroka wanaozunguka hospitalini wakiahidi "kesi ya mamilioni" kortini moja kwa moja wanakupotezea wakati: Mahakama ya Juu ilithibitisha tarehe 3 Desemba 2019 kwamba madai haya yaanzie kwa Mkurugenzi.

Mshahara ukiwa kitandani

Hapa watu wa HR huchanganya sheria, wengine bila kujua. Sheria ya Ajira inampa aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu, kila mwaka. Siku 14 zikiisha unaambiwa mshahara umesimama. Hizo ni za malaria na mafua. Jeraha la kazini linalokuweka nje siku 3 au zaidi linaingia WIBA, ambako malipo ya muda hulingana na mapato yako, ndani ya viwango vya chini na juu vilivyowekwa, na yanaweza kufika miezi 12. Ili yasikatike, peleka ruhusa mpya ya daktari ya kupumzika kila ya zamani inapokwisha, na isiwe na pengo hata la siku moja. Pengo la siku tatu ndilo linalogeuzwa kuwa "alitoroka kazi".

Kibarua kisiote nyasi

Sheria haisemi kwamba aliyeumia hafukuziki kamwe. Inasema kuna njia. Mwajiri anayetaka kukuachisha kwa sababu mwili hauwezi tena lazima akueleze sababu hiyo kwa lugha unayoielewa, ukiwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama uliyemchagua, na akusikilize kabla ya kuamua. Aje na ripoti ya daktari, si macho ya fomeni. Aonyeshe pia kwamba aliwaza kazi nyepesi: asiyeweza kubeba magunia anaweza kuhesabu mzigo getini.

Wewe omba kazi nyepesi kwa barua, ukiambatisha maneno ya daktari kuhusu usichoweza, kwa mfano "asinyanyue zaidi ya kilo 5 kwa wiki 8". Ukiandika tu "nahisi maumivu", umempa nafasi ya kukukataa.

Kuachishwa kwa sababu umelalamika au umedai haki yako ni sababu isiyo halali, na ulemavu pekee pia si sababu. Korti inaweza kukupa hadi mishahara ya miezi 12 au kukurudisha kazini, mbali na fidia ya WIBA. Muda wa kwenda kortini kwa hili ni miaka 3.

Kibarua wa siku naye yumo. WIBA haijali kama mkataba ni wa mdomo au malipo ni ya jioni. Na ukifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi mmoja kwa jumla, Sheria ya Ajira haikuhesabu tena kuwa wa kuitwa na kuachwa: unastahili notisi. Ukiwa umeletwa na wakala, andika majina mawili kwenye ujumbe wako wa kwanza, la wakala na la yadi, kwa maana kila mmoja atamsukumia mwenzake.

Kama una chama, Dock Workers bandarini au KUDHEIHA hotelini, mwite mwakilishi kabla ya kikao chochote. Asiye na chama wala pesa za wakili ajaribu Kituo Cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria, wana ofisi Mombasa.

Karatasi ya mwisho ya kuiogopa ni ile inayosema umelipwa kila kitu na hutadai tena lolote. Kwa kawaida huja pamoja na hundi, saa za alasiri, na karani mwenye haraka. Omba uondoke nayo ukaisome. Ukilazimika kutia sahihi pale pale, andika kwa mkono wako kando ya sahihi: "Nimepokea fidia ya jeraha tu", tarehe, kisha upige picha. Na cheti cha kazi ni haki yako ukiondoka, uwe umedai au hukudai. Hakishikiliwi ili ufute dai.