Mafahali wawili hawakai zizi moja, lakini ishirini wanakaa: kufuga Tropheus kwa kundi

Ukiweka Tropheus wanne kwenye akwariamu, usishangae baada ya wiki chache ukibaki na mmoja. Hawa ni samaki wa Ziwa Tanganyika, ndugu wa sato na perege, na mkubwa wao hufika sentimita 12 hivi. Kila dume hudai kipande chake cha mwamba pamoja na mwani ulioota juu yake. Ziwani anayefukuzwa huenda zake. Ndani ya kioo hana pa kwenda, kwa hiyo mbabe humrudia yeye yule mpaka afe, kisha huanza na mwingine.

Dawa ni idadi. Weka samaki 20 hadi 25 wa aina moja katika tangi lenye urefu wa sentimita 150, upana 50 na kimo 50, yaani lita 375. Mbabe akimkimbiza mmoja, wa pili hukatiza mbele yake. Humwacha wa kwanza na kumgeukia huyo, halafu wa tatu. Kipigo kikigawanywa kwa ishirini hakimuui yeyote. Tangi la sentimita 120 linaweza kubeba 12 hadi 15, na hapo ndipo mwisho; chini ya hapo mgawanyo haufanyi kazi. Usidanganywe na tangi refu kwenda juu. Ugomvi wao ni wa sakafu na mawe, kwa hiyo urefu na upana ndivyo vya kulipia.

Wanunue wote siku moja, wakiwa wadogo wa sentimita 4 au 5, ili wakue pamoja na kila mmoja ajue nafasi yake. Usichanganye rangi. Tropheus wa Ikola, kule Katavi, mwenye mkanda mpana wa njano, akiwekwa na yule mwekundu wa Moliro upande wa Kongo, watazaana, na rangi iliyokuwa ya mwambao mmoja tu inapotea kwenye tangi lako. Kwa anayeanza napendekeza Tropheus duboisi: watoto wake ni weusi wenye madoa meupe, na hasira zake ni za chini kidogo kuliko za Tropheus moorii, spishi nyingine ya jamii hii.

Kundi kubwa lina gharama yake, nayo ni kinyesi. Maji ya Tanganyika yana pH (kipimo cha asidi na alkali; 7 ni katikati) ya karibu 9, na hapo amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki, ni hatari kweli. Kwenye pH 7, amonia iliyo katika hali ya sumu haifiki asilimia 1. Kwenye pH 9, nyuzi 25, inapita theluthi. Kwa hiyo chujio liwe limekomaa kabla samaki hawajaingia: liendeshe wiki 4 hadi 6 huku ukilisha kwa amonia bakteria wanaoivunja, na ukiweza weka ndani yake sponji iliyotumika kwenye tangi lenye afya. Kwa lita 375, machujio mawili yenye jumla ya lita 2,500 kwa saa yanatosha. Badilisha asilimia 40 ya maji kila wiki. Kama maji ya bomba lako ni laini (yenye madini machache), gramu 6 za bikaboneti ya soda (siyo hamira) kwa kila lita 50 za maji mapya huyapa nguvu ya kushikilia pH. Koroga kwenye ndoo kwanza, usimwage ndani ya tangi.

Umeme ukikatika, kundi hili huishiwa hewa mapema, hivyo pampu ya hewa ya betri ni ya lazima. Chujio la kopo (lililofungwa, linalokaa nje ya tangi) lililozimika kwa saa nyingi usiliwashe hivi hivi: maji yaliyolala ndani yameoza. Yamwage, suuza sponji kwa maji ya tangi, ndipo uwashe.

Mawe yapangwe juu ya kioo cha chini kabla ya mchanga. Ukianza na mchanga, samaki watafukua na rundo litaporomoka. Panga marundo matatu au manne yanayofanana, yenye matundu ya kupitia pande zote mbili. Pango lenye mlango mmoja ni mtego, kwani anayekimbilia humo hana pa kutokea. Jiwe moja kubwa kupita mengine nalo ni kosa, maana litakuwa kiti cha enzi cha mbabe na kila anayelikaribia atapigwa. Mawe ya matumbawe husaidia pH, ila kingo zake huchuna samaki aliyeshtuka. Yaweke chini, mawe laini juu.

Lisha kidogo mara 2 au 3 kwa siku, kiasi kinachoisha ndani ya dakika moja, chakula cha spirulina, aina ya mwani. Utumbo wao ni mrefu, umeumbwa kwa mwani. Nyama na minyoo huwavimbisha tumbo, na samaki anayeonewa huvimba hata kwa chakula kizuri. Dalili ya kwanza si tumbo: samaki hudaka chembe, akaitema, na kinyesi chake huwa uzi mweupe. Hapo acha kulisha kundi zima na utafute dawa ya metronidazole. Kipimo cha kawaida ni miligramu 250 kwa lita 40, baada ya kutoa mkaa kwenye chujio, kwa kuwa hunyonya dawa.

Jifunze kusoma mbio zao. Anayekimbizwa sentimita 30 kisha akatetemeka mwili mzima ameomba msamaha, na kwa kawaida husamehewa. Anayefuatwa kutoka ukuta hadi ukuta, au anayening'inia kwenye kona ya juu nyuma ya bomba la chujio, mapezi yamechanika, mtoe leo. Akishapona usimrudishe peke yake. Mbabe akizidi, mtoe yeye wiki mbili; akirudi atakuta nafasi imekaliwa. Jike huatamia mayai mdomoni; akiwa nayo mwache humo humo tangini siku zake 28 hivi. Ukimhamisha atarudi akiwa mgeni.

Wageni wakilazimika kuingia, wawe watano au zaidi, wenye ukubwa sawa na wenyeji, waliokaa karantini wiki 4. Siku hiyo toa mawe yote, badilisha maji, panga mawe upya mahali tofauti, lisha wenyeji, zima taa, kisha waachilie gizani. Asubuhi, kabla ya kuwasha taa na kabla ya chakula, hesabu samaki wote mmoja mmoja.