Uliza Mwalimu: Fundi wa Ifunda na kanisa la matofali

*Mwalimu, shikamoo. Mimi ni fundi uashi hapa Ifunda, tanuru nachoma mwenyewe, na parokiani naimba besi katika kwaya ya Mtakatifu Sesilia. Dada yangu ameolewa Toulouse, Ufaransa, na amenialika mwezi wa tisa. Nitakuwa na siku mbili za kutembea. Shemeji anataka niende Carcassonne nikaone ngome, dada anataka Lourdes nikasali, jirani yao kataja mji wa Albi. Pesa haitoshi kuzunguka kote. Niende wapi?*
Fundi, Ifunda

Marahaba, mwanangu. Nenda Albi, na siku zote mbili zimalizie huko huko. Lourdes ni mahali pa sala na sitakuzuia siku nyingine. Carcassonne inapendeza, ila sehemu kubwa ya unachokiona ilikarabatiwa upya karne ya 19. Albi pana kazi ya mikono kama yako: kanisa kuu linalotajwa kuwa kubwa kuliko yote duniani yaliyojengwa kwa matofali ya kuchoma. Na msimamizi wake ni Mtakatifu Sesilia, somo wa kwaya yenu. Mwambie dada hivyo, atakuelewa.

Ni kilometa 75 hivi kutoka Toulouse, treni inatumia kama saa moja. Shuka, tembea kuelekea Mto Tarn. Utaliona kabla hujalifikia: jekundu, kuta zimepanda wima, madirisha membamba. Asiyeambiwa atadhani ni boma la vita, na hatakuwa mbali na ukweli. Mwaka 1209 jeshi lililoitishwa na Papa Innocent III lilishuka kusini mwa Ufaransa kuwapiga Wakathari, watu waliojiita Wakristo lakini wakakataa mapadre na sakramenti za Roma. Waliitwa pia kwa jina la mji huu wa Albi. Vita viliisha 1229, uhasama haukuisha. Askofu Bernard de Castanet, aliyeanza ujenzi 1282, ndiye huyo huyo aliyewafunga wakazi wa mji kwa tuhuma za uzushi. Nimefundisha historia muda mrefu na nasema bila kificho: kuta zile ni nzuri mno, na zilijengwa ili watu waogope. Ukisimama chini yake yakumbuke yote mawili.

Sasa ufundi, maana ndiko utakakokaa sana. Udongo wa mfinyanzi ulikuwa tele bondeni mwa Tarn, wakafyatua. Tofali lao ni pana na bapa kuliko letu, na limeshikwa kwa chokaa na mchanga, saruji hamna. Fuata kozi moja kwa macho kutoka kona hadi kona. Urefu wa kanisa ni mita 113, upana 35, mnara unafika mita 78. Lilitabarukiwa 1480, karibu miaka 200 tangu msingi. Mafundi walioanza hawakuona paa. Angalia pia nguzo zinazoegemeza ukuta: kwa nje zimeviringwa kama minara, kwa ndani zimegeuzwa kuta za vikanisa vidogo vya pembeni. Kwa hiyo katikati hakuna nguzo hata moja, na kila muumini alimwona mhubiri. Mimi nililizunguka lote kwa nje kabla ya kuingia, nawe fanya hivyo.

Ukiingia utashtuka. Nje karibu hamna pambo, ndani hamna pa kupumzisha macho. Dari lilichorwa na Waitaliano kati ya 1509 na 1512, buluu na dhahabu. Ukuta wa magharibi una Hukumu ya Mwisho, picha kubwa ya mwisho wa karne ya 15: wafu wanafufuka uchi, kila mmoja na kitabu cha matendo yake kimefunguliwa kifuani. Lakini mwaka 1693 walitoboa ukuta katikati ya picha ili kufungua kikanisa, na Kristo mwenye kuhukumu hayupo. Hilo liliniuma na bado linaniuma. Ikiwezekana, siku yako moja iwe Jumapili, usali misa na usikie kinanda kikubwa cha miaka ya 1730.

Siku ya pili tembelea Palais de la Berbie, iliyokuwa nyumba ya askofu. Leo ni makumbusho ya mchoraji Toulouse-Lautrec, mzaliwa wa Albi, 1864. Bustani yake inatazama mto na daraja la Pont-Vieux, ambalo lina karibu miaka 1,000 na bado linapitika. Sehemu hii yote ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2010.

Visa usiichezee. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita hadi siku 15 kabla ya safari. Bima ya matibabu iwe ya angalau euro 30,000, na dada aombe mapema ofisi ya meya wao hati ya kukupokea nyumbani kwake.

*Mwalimu, mimi ni Mmoravian wa Tukuyu. Nilikusikia ukilisifu kanisa hilo la Albi. Sisi tusio Wakatoliki tunaruhusiwa kuingia? Na kiingilio?*
Mama wa Tukuyu

Unaingia, mama, hakuna atakayekuuliza dhehebu. Ukumbi mkuu ni bure. Sehemu ya kwaya, iliyozungushiwa uzio wa mawe yaliyochongwa, inalipiwa, nawe lipa, sanamu zile zinastahili. Wakati wa ibada usizunguke na kamera. Na kokote utakakoingia, dukani au mgahawani, anza na «bonjour» kabla ya shida yako. Kwetu Uhehe nani anaomba maji bila kusema kamwene? Chakula cha mchana utafute kati ya saa sita na saa nane, baada ya hapo majiko mengi yamefungwa.