Ndege wa kinamasi: maswali yenu

Binamu yangu wa Brussels anasema mwezi wa nne ndio wakati wa kuangalia ndege. Hata kwetu Bukavu? (Mwanafunzi, Ibanda)

Yeye anawapokea, sisi tunawaaga. Mbayuwayu waliokaa huku tangu mvua zilipoanza wanaondoka kati ya mwezi wa tatu na wa nne. Watazame jioni kwenye nyaya za umeme (angalau kuna mtu anayezitumia). Kila mmoja ana gramu 20 hivi, na mbele yake kuna Sahara.

Yaya, nilitembea saa mbili nzima kwenye kinamasi cha Kabare, nikaona yangeyange tu. Nilikosea wapi? (Kijana, Bagira)

Kwenye hilo neno "nilitembea". Ndege wa kinamasi anasikia tope likifyonza gambuti yako kabla hujamwona. Fika saa kumi na mbili, ukungu ukiwa bado chini, tafuta tuta kavu, kaa nusu saa, funga mdomo. Mara ya mwisho nilitazama tete moja likitikisika bila upepo. Kumbe dume la kwera! Alining'inia kichwa chini kwenye kiota kibichi, akipigapiga mabawa huku jike akichungulia ndani. Jike akaruka zake. Jike wakiendelea kumkataa, dume hukibomoa, aanze upya.

Wengine utawajua kwa sauti tu. Kwenye vinamasi vya juu Kahuzi-Biega kuna kindege cha kahawia kinachojificha majanini, kilichopewa jina la Rudolf Grauer, Mwaustria yuleyule ambaye gorila wetu wanaitwa kwa jina lake. Gorila anajulikana dunia nzima. Kindege hakina wageni, na vinamasi vyake vinageuzwa mashamba.

Darubini ni lazima? (Papa wa watoto watatu, Kadutu)

Hapana. Ukiwa nayo, usiielekeze kamwe kwa askari. Na kabla ya kuitoa, wasalimie mama wanaolima viazi vitamu pale. Wao ndio wanaojua ndege analala wapi.

Mama mkwe anasema fundichuma akitua juu ya nyumba ni balaa. Kweli? (Mama, Nyawera)

Huyo wa kahawia mwenye kichwa kama nyundo? Kazi yake ni kutafuta vyura. Lakini kiota chake cha vijiti na tope huweza kumbeba mtu mzima akisimama juu yake, kwa hiyo akianza kujenga kwenye bati lako, mama mkwe atakuwa na hoja.