Mbadala wa "-a kusisimua"

Umeuliza neno la kuweka badala ya "ya kusisimua", kwa kuwa umeshaandika "mechi ya kusisimua" mara tatu kwenye aya moja. Inategemea unasifu nini. Kusisimka asili yake ni mwili: vinyweleo vinasimama kwa baridi, woga au furaha. Ndiyo maana linakaa vizuri kwenye riwaya ya upelelezi au penalti za dakika ya mwisho. Kwa mechi, jaribu "ya kukata na shoka" au "ya vuta nikuvute".

Hotuba ni "ya kutia hamasa" au "ya kuhamasisha". Muziki na mazungumzo "yanachangamsha". Kahawa nayo inachangamsha. Ukisema kahawa ya kusisimua utadhani ni tangazo la redio. Wimbo wa msiba, sema "wa kugusa moyo".

Angalia tu "-a kuchochea". Kuchochea ni kusukuma kuni motoni, na mtaani mchochezi ni mtu wa fitina. "Swali la kuchochea fikra" ni sawa kabisa, lakini "hotuba ya uchochezi" inaweza kumpeleka mtu polisi!