Lavenda Yanyauka Udongo Ukiwa na Maji

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nilipanda miche sita ya lavenda baada ya kuambiwa kwamba huvumilia ukame. Niliitilia samadi ya kutosha na kuimwagilia kila jioni, lakini majani ya chini yaligeuka rangi ya kahawia, kisha miche minne ikanyauka kabisa ilhali udongo ungali na unyevu. Nilikosea wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa hasara hiyo. Mche unaponyauka katika udongo wenye maji, mara nyingi mizizi yake huwa imeoza, na mmea usio na mizizi hai hauwezi kunyonya hata tone moja. Ng'oa mmoja kati ya iliyokufa uutazame: mzizi uliooza huwa mweusi na mlaini, na ganda lake huchubuka ukiuvuta kwa vidole.

Lavenda, kama ilivyo rozimari, asili yake ni nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania, ambako mvua hunyesha majira ya baridi na kiangazi hupita kikavu, nayo huota kwenye miteremko ya mawe ambako maji hayatuami. Shika jani lake uone lilivyo jembamba na la kijivu. Ukijivu huo ni vinyweleo vinavyolikinga na jua na kupunguza maji yanayopotea. Mmea wa namna hiyo ukipewa samadi nyingi hurefuka, hulegea na kuanguka.

Miwili iliyosalia usiimwagilie kwa sasa. Inua tuta la sentimita 20 hadi 30, changanya udongo na changarawe nyingi, kisha uihamishie humo pamoja na udongo ulioshika mizizi. Juu yake tandaza kokoto badala ya majani makavu, kwa kuwa majani hutunza unyevu shinani. Miche mipya ipande mvua zinapoanza, ili mizizi iteremke kabla ya kiangazi.

Hata hivyo, nakusihi usiiache bila maji kabisa, kwani uvumilivu wa ukame hutokana na mizizi iliyokwisha kwenda chini. Katika mwaka wa kwanza mwagilia maji mengi kwa mara moja, kisha subiri hadi udongo ukauke kwa kina cha kidole kizima ndipo umwagilie tena. Maua yakiisha, pogoa, lakini bakiza majani chini ya mkato, kwa sababu shina kuukuu lililo tupu huchipua kwa nadra sana.