Marmoti, pimbi na fuko: majibu kwa wasomaji

Nimeona kwenye video mnyama mnene anayesimama wima na kupiga mluzi kwenye majani ya milimani. Kitulo yupo? (Makete)

Hayupo. Huyo ni marmoti, jamaa wa kindi, na kwao ni kaskazini: Alps, Himalaya, Asia ya Kati, Amerika Kaskazini. Mluzi wake ni king'ora: tai au mbweha ameonekana, kila mtu shimoni.

Eti hulala nusu mwaka bila kula. Hafi njaa?

Anaishi kwa mafuta aliyojaza mwilini majira yote ya joto ya huko kwa kula majani na maua. Ikifika Oktoba, familia nzima huingia shimo moja, hutandika nyasi kavu na kuziba mlango kwa udongo na mawe. Joto la mwili hushuka hadi karibu nyuzi 5, na moyo hupiga mara chache tu kwa dakika. Usingizi wenyewe si wa mfululizo. Kila baada ya wiki mbili hivi huamka, miili ikapata joto, kisha wakalala tena, na kuamka huko ndiko kunakomaliza akiba. Kwa hiyo hubanana, wakubwa wakiwapa joto watoto wa mwaka huo. Mtoto aliyechelewa kuzaliwa huingia na mafuta kidogo, na mara nyingi ndiye asiyetoka Aprili.

Pimbi wa kwenye mawe hapa Iringa ni ndugu yake?

Umbo tu. Pimbi hachimbi shimo, wala halali msimu mzima. Ndugu zake ni tembo na nguva. Najua haaminiki.

Fuko wananimalizia viazi. Nitumie sumu gani? (Rungwe)

Sumu ya panya iliyochanganywa na nafaka utaipoteza bure, maana fuko hula mizizi na viazi hukohuko chini. Tega kitanzi. Tafuta fungu la udongo ambao bado mbichi, chomeka chuma chembamba kulizunguka mpaka kizame ghafla: hapo ndipo njia ilipo. Ifungue, toa udongo ulioporomokea ndani, usubiri. Akija kuziba, njia inatumika. Ifungue tena na uweke kitanzi cha waya kilichofungwa kwenye fimbo iliyopindwa. Wengi hukosea kwa kutega penye fungu la zamani, au kuweka kizuizi kinachoshikilia fimbo kikiwa kilegevu mno: fuko husukuma udongo mbele yake, nao hufyatua mtego kabla hajafika. Ukimpata mmoja, tega tena hapohapo, kwani wapo fuko wanaoishi kifamilia.