Usiwashe nukta nundu ya Narrator ikiwa kisoma skrini chako ni NVDA

Mdogo wangu, usibonyeze kitufe cha kuwasha nukta nundu ya Narrator kabla hujasoma hapa. Umeandika kwamba umepata kionyeshi cha nukta nundu (kifaa kinachoinua nukta za kusomwa kwa vidole) chenye seli 40, yaani nafasi 40 za herufi, kwamba kompyuta yako mpakato ina Windows 10 na NVDA, na kwamba fundi amekushauri uwashe kwanza nukta nundu ndani ya Narrator "ili Windows ikitambue kifaa", ndipo ufungue NVDA. Umeuliza pia kuhusu Bluetooth, kuhusu simu na kuhusu jedwali la Kiswahili, yaani kanuni za kugeuza herufi kuwa nukta. Hayo yatasubiri, kwa maana ushauri huo wa fundi ndio niliopewa mimi, nikaufuata, na ukaniacha nikifundisha muhula mzima bila nukta nundu.

Narrator ni kisoma skrini cha Microsoft kinachokuja ndani ya Windows, yaani programu inayomsomea asiyeona kilichoko kwenye skrini. NVDA ni kisoma skrini kingine kabisa, cha bure, kilichoanzishwa Australia mwaka 2006. Kila kimoja kina njia yake ya kuwasiliana na kionyeshi kupitia waya wa USB. Katika Windows 10, ukisakinisha huduma ya nukta nundu ya Narrator na kuchagua kifaa chako kwa USB, draiva ya mtengenezaji (programu inayoiwezesha kompyuta kuwasiliana na kifaa) huwekwa kando na nafasi yake huchukuliwa na draiva nyingine ambayo Narrator inaielewa, lakini NVDA na JAWS, kisoma skrini kingine, haziwezi kuitumia. Hutaonywa. Sauti ya NVDA itaendelea kusoma kama kawaida, ila vidole vyako vitakuta seli zimelala, na ukijaribu kukichagua kifaa chako kwenye orodha utaambiwa kwamba kimeshindwa kupakiwa.

Hapo ndipo nilipopotezewa fedha. Wakala aliyekuwa akiuza vifaa hivyo alikichomeka kionyeshi changu kwenye kompyuta ile ile, akatazama skrini, akatamka kwamba seli zimekufa na kwamba kifaa lazima kisafirishwe nje ya nchi kwa matengenezo. Nililipa usafiri wa kwenda, nikalipa ada ya uchunguzi, nikalipa usafiri wa kurudi pamoja na ushuru, na katika muda wote huo nilikuwa nikisahihisha insha za wanafunzi kwa kusikiliza tu, jambo ambalo kila mwalimu asiyeona anajua linavyoficha makosa ya tahajia. Kifaa kilirudi na karatasi iliyosema kwamba hakikukutwa na hitilafu yoyote. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba wakala yule hakuweka kidole chake juu ya seli hata mara moja. Kifaa changu kikiwashwa, hata bila kompyuta, huandika jina lake chenyewe. Nukta husimama kwa mlio mdogo, na mtu akipitisha kidole anazisoma vizuri. Kifaa kinachoandika jina lake hakina seli zilizokufa. Mtu anayekubali fedha za wasioona kwa kazi ya nukta nundu ana wajibu wa kuvigusa vifaa anavyovitolea hukumu, na huyo fundi wako naye, kabla ya kukupa maelekezo, angepaswa kukuuliza swali moja: unatumia kisoma skrini gani?

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii, na nakuomba uishike: kionyeshi kimoja, kisoma skrini kimoja. Ukishaamua kwamba ni NVDA, sehemu ya nukta nundu ndani ya Narrator usiifungue kabisa. Chomeka waya wa USB, washa kifaa, bonyeza kitufe cha NVDA (kwa kawaida Insert) pamoja na Control na A, kisha katika orodha itakayofunguka acha chaguo la utambuzi wa moja kwa moja. Vionyeshi vingi vitaitika hapo hapo. Vile vinavyofuata kiwango cha HID cha nukta nundu, yaani lugha moja ya pamoja ya vifaa hivi iliyotangazwa mwaka 2018, havihitaji kusakinishiwa draiva yoyote; vya zamani zaidi huenda vikahitaji draiva ya mtengenezaji, na mwongozo wa NVDA unaeleza hitaji la kila aina.

Ikiwa umeshabonyeza kabla ya kusoma haya, usimpelekee mtu kifaa chako. Ondoa kwanza huduma ya nukta nundu ya Narrator. Kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, halafu M, ili kufungua Device Manager, yaani orodha ya vifaa vilivyounganishwa na kompyuta. Yaelekea utakikuta kifaa chako chini ya kundi ambalo jina lake linaanza na libusb. Ingia kwenye kusasisha draiva, chagua kutafuta ndani ya kompyuta badala ya mtandaoni, kisha uchague mwenyewe kutoka kwenye orodha ile draiva ya awali. Chomoa waya, uchomeke tena, uwashe NVDA upya. Katika Windows 11, Microsoft imelirekebisha jambo hili tangu mwaka 2023, hivyo draiva hubadilishwa zenyewe mtu anapohama kutoka kisoma skrini kimoja kwenda kingine. Lakini wewe umesema una Windows 10.

Kuhusu jedwali, hakikisha NVDA yako si ya zamani, kwa kuwa matoleo mapya yana jedwali la Kiswahili cha Kenya. Liweke kwenye jedwali la kusomea na pia lile la kuandikia. Ukibaki na Kiingereza cha daraja la pili, yaani kile chenye vifupisho, neno "mwenye" litakujia huku herufi zake "en" zimebanwa ndani ya seli moja, na utadhani kifaa ni kibovu.

Fungua Device Manager leo, hata kama hujabonyeza kitu, kisha niandikie hapa aina ya kifaa chako na jina la kundi ulimokikuta. Nitakuwa macho usiku huu, na nitakujibu kabla hujamlipa mtu yeyote.